Sultani Hainuki

Mji wenyewe unaitwa Safi, na kwa miaka ishirini na miwili usafi wote wa Idi Kubwa katika nyumba ya Hajja Zhor ulikuwa kazi ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Mahjuba, mkwe wa nyumba, mke wa Bushaib.

Tuelewane mapema: Mahjuba si mtu wa kuonewa huruma. Ana miaka arobaini na minne, mabega kama ya mpagazi, na kicheko kinachosikika mpaka nyumba ya tatu. Tangu akiwa na miaka kumi na tisa anafanya kazi kiwanda cha sardini kule bandarini. Kata kichwa, toa utumbo, panga koponi. Kichwa, utumbo, kopo, kutwa amesimama. Siku moja msimamizi mmoja alimwita "we mama" badala ya jina lake, akarushiwa sardini ya uso mbele ya zamu nzima. Kesho yake Mahjuba alirudi kazini kama kawaida, na msimamizi alikuwa ameshalijua jina.

Kwa hiyo hapa hatuzungumzii mnyonge. Tunazungumzia mwanamke shupavu ambaye kila mwaka, siku moja tu, siku ambayo dunia nzima inafurahi, alikuwa anageuka kitambaa cha jikoni.

Ilikuwa hivi. Bushaib anarudi kutoka kuswali, anachinja kondoo juu ya paa, na kuanzia hapo nyumba inagawanyika mara mbili. Juu kuna moshi, chai, redio na vicheko. Chini kuna Mahjuba, karai, na matumbo ya kondoo. Juu wanakula bulfaf, yaani maini yaliyoviringishwa kwenye utando wa mafuta na kuchomwa mishikakini. Hiyo bulfaf ndiyo Idi yenyewe, maana nyama ya kondoo haiguswi mpaka kesho yake. Na bulfaf inaliwa ikiwa inatoa moshi, la sivyo haina maana. Ikipoa, ule utando unaganda kama mshumaa. Mahjuba alikuwa anapelekewa yake kwenye sahani iliyofunikwa, saa nane mchana, akishamaliza kusugua. Miaka ishirini na miwili anakula mshumaa.

Hakulalamika. Kosa lake lilikuwa hilo. Alikuwa anasema, "Kuleni tu, mimi nakuja," na watu wakamwamini, wakala.

Kilichomwamsha ni karatasi ya shule. Binti yake mdogo, Hiba, mwenye miaka saba, aliambiwa na mwalimu achore familia yake siku ya sikukuu. Akachora paa. Akachora baba, bibi, ami Larbi, dada yake Ghizlan, na kondoo mwenye kope ndefu. Mahjuba akaigeuza karatasi huku na huku.

"Na mimi niko wapi?"

"Uko chini, Mama. Unaosha."

"Mbona hujachora huko chini?"

"Karatasi iliisha."

Mahjuba alicheka kile kicheko chake. Halafu akaingia stoo, akakaa juu ya gunia la unga kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kuchota unga.

Basi, siku ya Arafa, alasiri, akaitisha kikao. Alichagua wakati mbaya kuliko yote: wote wamefunga, wana njaa, na kondoo analia juu ya paa kama anayedai kuachiliwa. Hajja Zhor, mama mkwe wake, alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni ya dirisha. Larbi, shemeji yake, alikuwa amejinyoosha kwenye zulia. Huyu Larbi ana miaka arobaini na moja, hana mke, anaishi Kasablanka, na kila Idi anakuja na mikono mitupu na mdomo uliojaa. Mahjuba akaingia na birika la chai, akaliweka katikati.

"We Mahjuba, umechanganyikiwa?" Hajja Zhor akang'aka. "Magharibi bado!"

"Hamna chai humo, Mama. Kuna karatasi sita. Na sisi tuko sita."

"Karatasi za nini?"

"Za kesho. Kila mtu anachukua moja bila kuangalia. Karatasi inasema kazi yake. Mmoja ataosha matumbo. Mmoja atatoa ini na kutengeneza bulfaf. Mmoja atawasha makaa na kubabua kichwa na miguu. Mmoja chai na mkate. Mmoja atampampu kondoo upepo kabla hajachunwa, ngozi iachane na nyama, na kutuimbia. Na mmoja ni Sultani."

"Sultani anafanya nini?" Hiba akauliza.

"Anakaa. Analetewa. Hagusi kitu."

Larbi akainuka kwenye kiwiko. "Hiyo nipe mimi moja kwa moja, shemeji, tusipoteze muda."

"Hiyo unayo tangu uzaliwe," Ghizlan akamjibu. Ghizlan ana miaka kumi na saba na ulimi wake hauna breki. "Sasa tunataka kuona kama unaweza kazi nyingine."

Si mtu mbaya, Bushaib. Anatengeneza pikipiki, anapenda wanawe, hajawahi kumnyanyulia mkewe sauti. Lakini alikuwa hajawahi kujiuliza matumbo yale meupe ya kesho yake yanatoka wapi. Kwake yalikuwa yanaota tu jikoni.

"Mahjuba," akasema, "haya mambo watu watasema."

"Watasema nini?"

"Paa liko wazi. Mtaa mzima uko juu ya mapaa siku ya Idi. Nikionekana nimeshika utumbo…"

"Bado hujachagua karatasi, umeshajua utashika utumbo?"

Watu wakacheka, hata Hajja kidogo, kwa pua. Bushaib akaona aibu, na mwanamume akiona aibu anaweka masharti.

"Haya. Kura ipigwe. Lakini sikilizeni. Huyo Sultani akiinuka kwenye mto wake kabla bulfaf haijaisha, hata mara moja, mchezo umekufa. Umekufa mwaka huu na miaka yote. Tunarudi kama zamani, na sitaki kusikia tena habari za karatasi ndani ya birika."

"Na asipoinuka?" Mahjuba akauliza.

"Asipoinuka, kila Idi kura."

"Mama, umesikia? Larbi, umesikia?"

"Nimesikia," Larbi akajibu.

Wakachukua. Hiba alipata pampu, akaruka mpaka akagonga meza. Ghizlan akapata makaa na kichwa, kazi ambayo mtaani kwao ni ya wavulana na mapipa yao ya moto, akasema vizuri, maana wale wavulana huwa wanaunguza masikio. Larbi akapata ini. Akajipiga kifua, eti maini yote ya Kasablanka yanamjua. Hajja Zhor akapata chai na mkate.

"Mimi? Niliyehiji? Nichemshe chai?"

"Bibi, si wewe unayesema chai ya Mama ni maji ya kuoshea vikombe?" Ghizlan akasema. "Kesho utatuonyesha."

Bushaib akafungua yake polepole. Hakusoma kwa sauti. Hakuwa na haja, uso wake ulisoma. Utumbo.

Na Mahjuba, aliyejipangia kuchukua ya mwisho, akafungua iliyobaki: Sultani. Aliitazama kama mtu aliyepewa barua ya mtu mwingine. Akamnyooshea mama mkwe wake.

"Chukua wewe, Mama. Mimi nitafanya chai."

"Hakuna kubadilisha!" Ghizlan na Hiba wakapiga kelele kwa pamoja.

Larbi akalala tena kwenye zulia, ametulia kabisa. "Mwacheni. Shemeji, nakupa robo saa. Wewe huwezi kukaa hata ukifungwa kamba."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hakuna aliyewahi kumwona Mahjuba amekaa zaidi ya muda wa kunywa kikombe.

Asubuhi ya Idi takbira zilijaa mtaa. Ghizlan na Hiba walibeba godoro la sebuleni mpaka juu ya paa, wakaweka mito mitatu, wakamkalisha mama yao akiwa na kaftani ya kijani aliyoivaa mara ya mwisho harusini. Akakaa. Akavuta nguo. Akanyoosha miguu. Akaikunja. Mikono yake ilikuwa haijui iwekwe wapi, ikawa inakunja ncha ya mto na kuikunjua.

Bushaib alichinja vizuri, kwa bismillahi na mkono mmoja usiotetemeka. Kisha wakatoboa kitundu kidogo kwenye mguu wa nyuma wa kondoo, Hiba akachomeka pampu ya baiskeli, akaanza kazi. Ngozi ikawa inajitenga na nyama, kondoo anavimba, na Hiba anaimba wimbo alioutunga usiku kitandani:

"Vimba, mheshimiwa, vimba! Umekula shayiri yetu, vimba! Leo zamu yetu, vimba!"

Hajja Zhor alikuwa ameshika trei ya mkate. Akaanza kupiga trei kwa vidole. Larbi akaitikia "vimba!" Paa la pili wakaitikia. Mahjuba alicheka mpaka akashika mbavu, na ndipo akagundua kitu cha ajabu: kila mwaka pampu ilikuwa na wimbo wake. Alikuwa anausikia kutoka chini kama kelele tu.

Kondoo akachunwa, akaning'inizwa, tumbo likapasuliwa. Mzigo wote ukaporomokea kwenye karai la Bushaib, wa moto, unatoa mvuke, na harufu ile ambayo haihitaji kuelezwa. Bushaib akatazama karai. Karai likamtazama Bushaib.

"Unaanzia wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Pasua tumbo kubwa, mwaga, suuza," Mahjuba akasema kutoka kwenye mito. "Halafu geuza. Halafu suuza tena. Halafu ukifikiri umemaliza, ndiyo unaanza."

Bomba la maji liko ukutani, upande wa barabara, upande ambao mtaa mzima unaona. Hakukawia. Kasem, jirani wa paa la mbele, akaegemea ukuta wake, kisu mkononi.

"Bushaib! Idi njema! Hongera, naona umeolewa!"

Mapaa manne yakacheka. Masikio ya Bushaib yakawa mekundu. Mahjuba alimwona mumewe akishika ukingo wa karai, na akajua kabisa anachowaza: kuliacha pale na kushuka ngazi. Hili halikuwa lake kusema.

Bushaib akainua tumbo la kondoo juu, linachuruzika, kama mtu anayeonyesha kombe alilotwaa.

"Nimeolewa, ndiyo! Na mahari yangu ilikuwa kubwa kuliko yako! Wewe hata hili hawakukuamini kukupa, unapewa kisu tu kama mtoto anayechezea!"

Mapaa yakalipuka. Kabla Kasem hajapata jibu, sauti ya Tahra mkewe ikatoka nyuma yake, kutoka ngazini: "Kasem! Umemwona mwenzako? Shuka uchukue karai!" Kasem akatoweka pale ukutani.

Ghizlan aliangusha koleo la makaa kwa kucheka. Mahjuba alifunika uso kwa ncha ya kaftani. Alikuwa hajawahi kumpenda yule fundi wa pikipiki kama dakika ile.

Sasa ikabaki zamu ya Larbi.

Larbi alikunja mikono ya shati. Alizunguka kondoo kama fundi anayekadiria nyumba. Alieleza jinsi ini linavyotolewa Kasablanka. Hajja Zhor, na birika mkononi, akamwambia, "Angalia nyongo, mwanangu. Iko nyuma, imejificha." Larbi akasema, "Mama, mimi si mtoto." Akaingiza mkono, akaingiza kisu, akavuta.

Mambo yakatumbukia nyongo, na safari hii si kwa maneno. Kifuko kilipasuka. Maji ya kijani yakatiririka juu ya ini lote zuri, jekundu, la mara moja kwa mwaka.

Redio peke yake iliendelea kusema.

Anayejua anajua. Nyongo ikikaa dakika chache, ini linakuwa chungu hata paka anakataa. Na bila ini hakuna bulfaf, bila bulfaf watu sita wangekaa mpaka jioni wakitazama kondoo aliyening'inia ambaye hawaruhusiwi kumgusa. Hiba akaanza kulia. Larbi alisimama na ini mikononi, linadondoka kijani kwenye viatu vyake vipya, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza haukuwa na kitu ndani.

"Mahjuba!" Hajja Zhor akapiga kelele. "Inuka! Inuka haraka, wewe ndiye unayejua!"

Ni kweli. Mikono ya Mahjuba ilikuwa inajua. Miaka ishirini na mitano ya kiwandani na ishirini na miwili ya nyumbani. Ingelimaliza jambo lile kabla birika halijachemka. Goti moja likainuka lenyewe. Kiganja kikaegemea mto. Bushaib, na mikono yake ndani ya karai mpaka viwiko, akamtazama. Hakumwambia inuka. Hakumwambia kaa.

"Mama…" Ghizlan akasema.

"Huyo!" Larbi akapumua, uso umechangamka kama mtu aliyeona mwokozi. "Huyo anainuka!"

Goti likarudi chini.

Mahjuba akajiweka sawa katikati ya mito. Alipofungua mdomo, ilitoka sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijawahi kuisikia. Ni sauti anayoitumia kiwandani, mashine zikiwa zinanguruma.

"Larbi! Funga mdomo, sikiliza. Chini ya bomba, sasa hivi. Upande wa kijani uangalie chini, maji yasipite juu ya upande mzuri. Ghizlan, ndimu nne na chumvi ya mawe. Bushaib, msogezee nafasi. Hiba, nyamaza, hesabu mpaka mia kwa sauti. Ikifika mia kabla hamjamaliza, tumelipoteza."

"Moja, mbili, tatu," Hiba akaanza, kwikwi katikati.

"Kisu kidogo, si hicho! Kata pale palipoanza kubadilika rangi. Zaidi. Usilionee huruma, Larbi, limeshakufa! Haya. Sugua chumvi. Ndimu. Suuza. Tena ndimu."

"Shemeji, vidole vina majeraha, inachoma…"

"Arobaini na moja, arobaini na mbili…"

"Vidole vitapona. Suuza."

Ikawa tisini na tatu. Larbi akaleta lile ini kwenye sinia, akapiga goti mbele ya godoro, si kwa heshima, kwa kuchoka. Robo ilikuwa imetupwa. Mahjuba hakuligusa. Aliinama, akanusa.

"Limepona," akasema. "Likababuliwe kidogo kwenye makaa, halafu ukate vipande, ufunge na utando. Vipande vidogo, watu wako sita."

Kelele zilizopigwa juu ya paa lile ziliwafanya watu wa mtaa wa pili wadhani mtu amepata mtoto.

Mshikaki wa kwanza Larbi aliuleta mwenyewe, kwenye mkate, vidole vimefungwa kitambaa. Mahjuba akavuta kipande kwa meno. Mafuta yakamchuruzika kidevuni. Utando ulikuwa mkavu nje, unavunjika, ndani ini laini, bizari ya pilau na chumvi, na moto, jamani, moto wa kuunguza ulimi. Akavuta hewa kwa mdomo wazi, hah, hah, machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua kama ni ya moshi. Akala cha pili kabla cha kwanza hakijashuka.

"Vipi?" Bushaib akauliza kutoka bombani.

"Sasa ndiyo naelewa kwa nini mlikuwa hamniiti."

Hajja Zhor akamimina chai kutoka juu, povu likasimama kwenye glasi. Akakaa ukingoni mwa godoro, jambo asilolifanya kirahisi, na akaangalia chai badala ya kumwangalia mkwewe.

"Mimi nilikaa mara ya kwanza nikiwa na miaka hamsini na mitatu," akasema. "Mwaka ulipokuja wewe."

Ndivyo kiti kilivyokuwa kinapatikana nyumba ile: unangoja mpaka aletwe mwanamke mwingine wa kushika karai. Ghizlan alisikia pia. Aliacha kupepea makaa kidogo, akamtazama Hiba anavyochuma vipande mshikakini kwa vidole, kisha akaendelea kupepea kwa nguvu zaidi.

"Chai nzuri, Mama," Mahjuba akasema baadaye.

"Najua. Wewe unaweka nanaa nyingi."

Bushaib alishuka chini na matumbo yake kuyamalizia jikoni, kifua mbele. Hazikupita dakika mbili, sauti yake ikapanda ngazini.

"Mahjuba! Brashi ya kusugulia iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya ndoo ya bluu iliyotundikwa nyuma ya mlango, kwenye msumari wa pili. Mishikaki miwili ilikuwa bado iko juu ya makaa, inalia mafuta.

"Imo humo humo ndani!" akajibu. "Tafuta!"

Akamnyooshea Larbi mkate uliokuwa wazi.

"Lete na mshikaki huo."